Mikono Iliyotafuta Stesheni

Mama alimimina chai nusu kikombe, kama kila asubuhi, kwa sababu nusu ya juu isingefika mdomoni. Akaiweka mbele ya baba juu ya kisahani kipana, kisha akajitia kushughulika na sufuria ili asionekane anatazama. Baba alikipeleka kikombe mdomoni kwa mikono miwili. Kikombe kiligonga meno, kikarudi kugonga kisahani, na shati likapata fungu lake. Hapo mama akageuka na kitambaa kikavu alichokuwa amekishika muda wote.

Mikono ya baba ilianza kutetemeka alipokuwa kiwandani, kwenye chumba cha kuoshea. Kiwanda kilitengeneza redio za mawasiliano, zile za magari ya wagonjwa na ya zimamoto, na chumba cha kuoshea ndiko bodi za saketi zilikotumbukizwa kwenye dawa ya kutolea masizi ya kulehemu. Dirisha lake lilikuwa limepigiliwa misumari ili vumbi lisiingie. Vumbi kweli halikuingia, na mvuke wa dawa haukutoka. Baba alipoanza kuangusha bodi, daktari wa kiwanda alimnusa mdomo, hakunusa kitu, akaamua kwamba ni pombe isiyonuka. Wakamwachisha kazi.

Baba hakuwahi kuonja pombe maishani. Hata dawa ya kifua aliikunjia uso. Lakini mtaani habari ilifika kabla yake. Mtu anayehangaika na kitufe cha redio huku na huku bila kupata kitu husemwa anatafuta stesheni, basi wakambatiza Mzee Stesheni. Aliitika, maana ni mtu wa adabu, ila aliacha kwenda kwa kinyozi, na vifungo vya shati alifungwa na mkewe chumbani, mlango umerudishwa.

"Sitaki makubwa," alizoea kusema. "Nataka kunywa chai yangu mwenyewe, na wao waseme hawakunusa kitu."

Binti yao alikuwa mbunifu wa saketi kwenye kiwanda hichohicho, ghorofa ya juu, ambako madirisha yalifunguka. Siku zile alikuwa akisumbuka na osileta. Osileta ni saketi ambayo kazi yake ni kuyumba tu: umeme uende na kurudi, mara mamilioni kwa sekunde, na redio nzima itegemee kuyumba huko. Kiwanda kilitaka osileta yenye tabia mbili zisizoelewana. Ukizungusha kitufe, ihame. Ukikiachia, itulie palepale. Ukiipa kijiwe cha kwatzi inatulia kama mkwe ugenini, lakini haihami ng'o. Ukiipa koili ya waya uliozungushwa na kapasita ya kutunza umeme inahama vizuri, na haiachi kuhama.

Ofisi ya wabunifu ilikuwa inapakwa rangi, kwa hiyo binti alileta bodi nyumbani, akaitandaza kwenye meza ya chakula pamoja na mita ya masafa, inayohesabu kuyumba huko. Alikuwa ameshaifanyia kila alilofundishwa. Aliitengenezea kisanduku cha bati, akatafuta kapasita ambazo joto likipanda zinashuka ili zipingane na zile zinazopanda, akaifunga koili kwa waya mnene. Bado namba za mwisho kwenye mita zilikimbia kama zinadaiwa. Mtu akifungua mlango, zinahama. Mkono wa mtu ukisogea karibu na koili, zinahama zaidi, maana mkono nao ni kapasita, upende usipende. Akaweka sheria ya nyumba: mkono usikaribie koili.

Kilichobaki kilikuwa nta. Wabunifu wa kiwanda kile wana mazoea yao: koili ikisharidhisha, huidondoshea nta ya mshumaa ili nyaya zisicheze. Ikishaganda, kilichomo kimekaa. Huwezi kukitoa bila kuiua koili yenyewe. Kwa hiyo hakuna anayewasha mshumaa mpaka awe na hakika.

Baba aliivunja sheria kwa ajili ya sukari. Bakuli lilikuwa nyuma ya kisanduku, na yeye hakutaka kumsumbua mtu, akapitisha mkono wa kulia juu ya koili.

"Baba, mkono!"

Namba zikasimama. Zilisimama zote, hata ile ya mwisho kabisa, ambayo tangu bodi ilehemiwe haikuwahi kupumzika. Binti alizungusha kitufe. Osileta ikahama ilikotumwa na kukaa. Akairudisha, ikarudi palepale, haikupunguza wala kuongeza. Baba, ambaye macho yake yalikuwa kwenye sukari, alichota kijiko kilichojaa, akakipitisha juu ya meza yote, akakimimina kikombeni. Hakuna hata chembe iliyoanguka.

"Umeingia kwenye koili," binti alisema.

"Nini kimeingia?" mama aliuliza.

"Mtetemo wa baba. Wa mkono wa kulia."

Mama aliinama, akatega sikio kwenye kisanduku. Ndani yake kikombe kilikuwa kinagonga kisahani, kwa mbali, bila haraka.

"Ndio wenyewe," alisema. "Na wa kushoto?"

"Unataka bodi nyingine."

"Sasa si ulehemu? Umekaa kunitazama mimi nina nini?"

Kisha akamjazia baba kikombe mpaka ukingoni. Baba alikinyanyua kwa mkono mmoja, akanywa, akakirudisha juu ya kisahani na hakikusema kitu. Alilia kidogo, kwa raha, na hakujificha. Mama akajifuta uso kwa kile kitambaa, kwa kuwa siku hiyo hakikuwa na kazi nyingine.

Bodi ya mkono wa kushoto ilikuwa tayari kabla ya chakula cha jioni. Baba alijifunga vifungo mwenyewe, akavifungua, akavifunga tena, mpaka mama akamwambia shati litachoka.

Habari ilimfikia Mama Glavu. Huyu alifanya kazi meza moja na baba, na jina alilipata kwa sababu kila wiki aliomba glavu na kila wiki aliambiwa zimeagizwa. Alikuja na mikono yake ameikunjia kwenye khanga. Binti alimwekea bodi mbili mpya. Namba zikasimama, na kwenye visanduku vyake zikasikika sindano zikianguka sakafuni, moja moja, kwa kuwa zamani alikuwa mshonaji. Akaomba uzi na sindano hapohapo, akatunga kwa jaribio la kwanza. Baada yake wakaja wengine wa chumba cha kuoshea, na mitetemo yote iliingia, na yote ilitulia.

Jirani naye alikuja. Huyu walimwita Ya Mwisho, kwa sababu ya alivyozoea kuagiza kinywaji, na mikono yake ilitetemeka kwelikweli mpaka apate cha asubuhi.

"Na mimi nitoleeni," alisema.

Binti alimjaribu kwa bodi nzuri kuliko zote. Namba zilikwenda juu, zikashuka, zikazunguka, zikarudi kucheza pale zilipoanzia, na hazikukaa. Akamjaribu kwa nyingine. Ilikuwa yaleyale.

"Wako haushiki," binti alimwambia. "Wako ni wa pombe."

"Si ndiyo nilivyosema siku zote?" alisema Ya Mwisho, naye akaenda zake bila kinyongo.

Binti alikaa akiitazama ile meza. Mitetemo ya chumba cha kuoshea ilishika yote. Wa pombe haukushika. Jambo lilikuwa jeupe, na lilimpa furaha ambayo hakuwa nayo tangu baba yake arudishwe nyumbani na mfuko wa nguo zake za kazi. Mshumaa akauacha kabatini. Nta isingegusa koili hata moja mpaka meneja aone kwa macho yake mtetemo ukitoka na kuingia.

"Vaa shati jeupe, baba," alisema. "Leo watasema hawakunusa kitu."

Meneja aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu wa tabasamu na chupa ya chai. Alizungusha kitufe cha osileta mbele na nyuma, akaufungua mlango wa ofisi yake na kuubamiza, akapulizia bodi pumzi ya moto, akaweka kiganja karibu na koili. Namba hazikutikisika. Akapiga meza kwa furaha.

"Hii inaingia kwenye redio kesho," alisema. "Umeitulizaje?"

Binti alimweleza. Alimweleza mkono wa kulia na wa kushoto, Mama Glavu na sindano, na jinsi mtetemo wa Ya Mwisho ulivyokataa kushika. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo huyu ndiye mzee mwenyewe," alisema, akamimina chai kikombe tele na kumpa baba. Baba alipokea, akanywa, akakiweka. Meneja aliitazama ile mikono, na uso wake ukalainika kabisa.

"Mzee, hongera sana. Wengi hawawezi kuiacha."

"Kuiacha nini?" baba aliuliza.

"Usione haya. Yamepita hayo. Mikono yenyewe inasema umeacha."

"Bosi, baba hakuwahi kunywa," binti alisema. "Mtetemo wa pombe haushiki. Nimekwambia hivi sasa."

"Basi yake ilikuwa pombe ya namna nyingine. Ile isiyonuka."

"Naweza kuing'oa koili uone. Mtetemo utarudi hapahapa."

"Ukiing'oa nitaona mzee anatetemeka," meneja alisema kwa upole. "Hilo nilishaliona. Ndilo lililomtoa kazini."

"Na chumba cha kuoshea?"

"Kina nini? Si unasema wote wamepona?" Akasimama, akampa baba mkono, akaushika kwa muda mrefu. "Imara kabisa," alisema. "Ndiyo faida ya kuacha."

Njiani binti alizikumbatia bodi zote mbili kifuani. Baba alitembea mbele kidogo, mikono nyuma, kama mtu aliyetoka kukagua nyumba. Walipopita nyuma ya kiwanda walilikuta dirisha la chumba cha kuoshea na misumari yake, na nyuma ya kioo vivuli vya watu waliokunja mikono ya mashati. Mlangoni kwao binti alisimama.

"Baba, bado sijaweka nta. Nikizing'oa koili, tutakwenda hospitali nyingine, kwa daktari mwingine. Watakupima wakuone ulivyokuwa."

"Wakinipima watasema nini?"

"Sijui. Huenda wakasema kweli."

"Na huenda wakaninusa." Baba alifikiri. Alikunja vidole, akavikunjua, akavitazama jinsi vilivyotulia. "Mwanangu, niliomba mambo mawili. Moja nimelipata. Usinirudishie kutetemeka ili nikaombe la pili. Washa mshumaa."

Binti aliwasha mshumaa. Nta ilidondoka juu ya koili ya mkono wa kulia, kisha ya kushoto, ikaingia katikati ya nyaya na kuganda. Kile kikombe cha ndani kiliendelea kugonga kisahani chake, safari hii kwa sauti ya kitu kilicho chumba cha pili. Baba alivuta pumzi ndefu, akaishusha yote, na mabega yakashuka nayo. Binti naye, ambaye alikuwa amejiandaa kukasirika, alijikuta amepumua hivyohivyo.

Jumamosi baba alikwenda kwa kinyozi. Mama alirudi kutoka dukani akicheka.

"Baba watoto, huko nje wanasema stesheni imeshika. Wanasema umeacha pombe."

"Nimeacha."

"Ilikuwa na ladha gani?"

"Hata sikumbuki," alisema baba. "Nilikuwa nimelewa." Na wakacheka wote wawili mpaka mama akashika meza.

Redio mpya zikatoka kiwandani. Madereva wa magari ya wagonjwa walisema zinashika vizuri kuliko za zamani, ila nyuma ya sauti kuna kikombe kinagonga kisahani, na kwenye nyingine kuna sindano zinaanguka. Wakazoea. Kiwanda kikapata oda nyingine, na chumba cha kuoshea kikaongezewa watu. Dirisha lilibaki na misumari yake.

Asubuhi moja, chai ikiwa mezani, mlango uligongwa. Pigo lenyewe lilikuwa moja, lakini lilijirudia lenyewe mara nyingi juu ya ubao. Alikuwa mwanamke mgeni kwao, bado amevaa koti la chumba cha kuoshea, mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto.

"Shikamoo, mama. Nimeelekezwa kwa mbunifu. Kimeanza kidole gumba tu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ukae."

Binti alikwishanyanyuka kuchomeka pasi ya kulehemu. Baba alimsogezea mgeni bakuli la sukari kwa mkono mmoja, bila kumwaga. Mama alichukua kikombe na kisahani kipana, akammiminia nusu.

"Hii ni ya leo tu," alimwambia. "Kesho tutakujazia."