Kumi na Moja kwa Mia

Maji yalitoka kwenye tundu la katikati ya turbini yakiwa bado na hasira. Batuli aliyakinga kwa kiganja, yakausukuma mkono wake kando, na hapo akajua kwamba mashine yake ilikuwa inaachia kile ilichoundwa kukishika.

Alikuwa fundi wa vyuma mjini Keroka, katika karakana aliyoachiwa na marehemu baba yake, Abdirahman. Wateja walimpenda kwa sababu hakusitasita: ukimletea gia iliyovunjika meno, alikutajia siku ya kuichukua kabla hujamaliza kueleza ilivyovunjika. Ndivyo alivyomjibu pia Sista Phanice, muuguzi wa zahanati moja iliyo bondeni, upande wa Magwagwa. Stima huko ilikatika kila mvua ilipokaza, na chanjo zililetwa kwa pikipiki siku ya kliniki tu. Njia ikiteleza, akina mama walirudi na watoto wao vile vile walivyokuja. Nyuma ya zahanati palikuwa na kijito chenye nguvu, lakini mchanga wake ulikuwa umekwisha kuyala mapanga ya turbini iliyotangulia.

"Nitakuundia isiyo na mapanga," Batuli alisema siku ile. "Sahani bapa tu, zimepangwa karibu karibu. Maji yakizunguka kati yake, yanazikokota."

Sasa, pale kijitoni, sahani zilizunguka kweli, kwa mlio laini wa kupendeza. Mita ndiyo haikupendezwa. Kati ya kila sehemu mia za nguvu zilizoletwa na maji, zilizofika kwenye waya zilikuwa kumi na moja. Friji dogo la chanjo lilihitaji angalau kumi na tano. Ilikuwa Jumatatu, na injinia Nyakundi wa Kisii, aliyeombwa na kamati ya zahanati aje kuikagua mashine, angefika Alhamisi.

Hafiz, mdogo wake, alichungulia mita. "Dada, Alhamisi tusiitwike mzigo, tusiunganishe kitu chochote cha kula stima. Ikizunguka tupu inaruka kama pia ya mtoto. Mgeni hutazama kasi."

Wazo hilo lilimkaa Batuli vizuri kuliko alivyotaka kukiri. Lingempitisha Alhamisi. Halingeipoza hata chupa moja ya chanjo.

Sista Phanice aliteremka na birika la chai. "Inaendaje?"

Neno "vizuri" lilikuwa tayari ulimini. Batuli alilimeza. "Kumi na moja kwa mia, Sista. Haitoshi."

"Na hizo nyingine zinakwenda wapi?"

"Sijui bado."

Hakukumbuka ilikuwa lini mara ya mwisho alipoyasema maneno hayo akiwa kazini. Alingoja aibu imshike. Phanice alimimina chai tu.

"Mtu akiletwa kwangu anavuja damu," alisema, "siulizi kwanza imebaki kiasi gani. Natafuta inakotokea."

Batuli aliifungua mashine. Alizipaka sahani zote kumi na mbili masizi yaliyochanganywa na mafuta, akaifunga, akayaachia maji kwa robo saa, kisha akaifungua tena. Sahani za katikati zilikuwa na masizi yake karibu yote: nafasi kati yake ilikuwa pana mno, maji yalipenya katikati bila kuvigusa vyuma sawasawa. Lakini nyuso za nje za sahani mbili za pembeni ziling'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Maji mengi yalikuwa yakikimbilia huko, kati ya sahani na kasha, kama wanafunzi wanaotoroka kwa mlango wa nyuma.

Wosha nene, zile pete za chuma za kutenganisha sahani, alikuwa amezichagua kwa kuogopa mchanga usikwame. Alizitupa. Kule Keroka yeye na Hafiz walikata sahani nyingine kumi; waliporudi kijitoni wakazibananisha kwa wosha nyembamba, wakayaziba mapengo ya pembeni, na mchanga wakauchimbia bwawa dogo la kutulia kabla ya bomba. Alhamisi asubuhi, mzigo ukiwa umeunganishwa, mita ilisoma ishirini na nane.

Nyakundi aliitazama mara mbili. "Turbini nzuri ya mapanga inafika sabini, Batuli."

"Ikiwa mpya, ndiyo. Hapa ingeliwa na mchanga. Hii yangu inapoteza sabini na mbili, na nyingi nazijua zinakopotelea." Akamwonyesha kwa kidole, bila haraka: mdomo wa bomba, beringi, mkanda wa jenereta, maji yenyewe yakisuguana. "Inayopotelea kwenye tundu la kutokea ndiyo kubwa kuliko zote. Hiyo sijaiweza."

Injinia alikaa juu ya jiwe, akatoa daftari. "Rudia polepole," alisema.

Jioni friji lilikuwa likinguruma zahanatini. Nyakundi alilifungua, akasimama akiukagua ukuta wake wa ndani.

"Injinia, funga," Phanice alisema. "Baridi inatoka."

Alifunga. Phanice alibandika mlangoni karatasi yenye mistari. "Nitaandika joto lake asubuhi na jioni, siku saba, kabla sijaweka chanjo hata moja."

Zamani Batuli angeona ameshukiwa. "Likipanda?" aliuliza.

"Nitakupigia."

"Nipigie hata likipanda kidogo."

Phanice alisoma kipimajoto, akaandika nyuzi tano, baridi inayofaa chanjo, kwenye kisanduku cha kwanza. Chini yake visanduku kumi na tatu vilikuwa vitupu. Batuli alivitazama kitambo, kisha akaanza kukusanya spana zake.