Vidole vya Mchuma Chai

Mimi ndiye niliyempotezea Karimi vidole vyake, na sitamsingizia mtu. Nina saluni hapa Kibugu, mwaka wa kumi na tatu sasa, na mdomo wangu haujawahi kukosa ushauri. Mwenye chunusi namwambia aache kuzitumbua. Mwenye mba namwambia aoshe kichwa kwanza, mafuta baadaye. Karimi alipoingia Alhamisi akiwa ameficha mikono ndani ya sweta, nilijua hajaja kusukwa.

"Auntie Wanjira, hii rangi inaweza toka?" aliuliza, akanyoosha vidole.

Vilikuwa vidole vya msichana anayechuma chai tangu amalize shule. Utomvu wa majani huingia kwenye mikunjo ya kidole gumba na kile cha pili, ukakaa humo kama masizi ya sufuria. Sisi huku hatuuoni tena. Lakini Njuki, mchumba wake, ana dada anayefanya kazi mjini, naye aliuona. Siku walipokuja kujitambulisha, Karimi aliwamiminia wageni maji ya kunawa, na yule dada akavitazama vile vidole mpaka maji yakamwagika nje ya beseni. Tangu hapo mtoto wa watu hakupata usingizi. Na siku ya mahari ilikuwa Jumamosi.

"Itatoka," nikasema. Mimi na kiburi changu.

Tulisugua kwa limau na sukari saa nzima. Weusi ukafifia, haukuisha. Kesho yake akarudi, na hapo nikachukua dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikamimina kifuniko kizima kwenye maji ya moto, nikamwambia atumbukize mikono.

"Auntie, inachoma."

"Vumilia kidogo. Si unataka kuwa smart?"

Alivumilia, machozi yakimtoka. Vidole vilitoka vyeupe, vimekunjamana, ngozi imeanza kupasuka kando ya kucha. Nilimpaka mafuta ya mgando nikamwambia amependeza. Moyoni nilijua nimezidisha.

Jambo moja ambalo kila mwanamke wa hapa Embu analijua halikunijia akilini mpaka nilipofika kwao Jumamosi. Bwana harusi huletewa wasichana waliofunikwa leso kuanzia kichwani mpaka miguuni, naye lazima amtambue wake. Kwa akina Karimi huacha mkono wa kulia nje, basi. Hakuna kusema wala kucheka. Akikosea mara ya kwanza, anatoa leso moja ya faini. Akikosea mara ya pili, cucu yake Karimi, mama mzaa baba, huwarudisha wageni kwao mpaka siku nyingine ipangwe. Na Jumanne Njuki alikuwa anasafiri kwenda Qatar, mkataba wa miaka miwili. Siku nyingine ilikuwa wapi?

Wasichana watano waliketi kwenye benchi. Nilipoiona ile mikono mitano, nikaelewa nilichofanya. Wa pili ulikuwa wa Celina, jirani yao, mchuma chai kama yeye. Wa nne ulikuwa mweupe, kama wa mtu aliyekaa ofisini maisha yake yote. Huo ndio uliokuwa wa Karimi.

Njuki aliingia akitabasamu. Hakuhangaika na wengine. Alikwenda moja kwa moja kwa Celina, akakishika kidole gumba, akakigeuza kwenye mwanga. Nilijua anatafuta nini: ule weusi.

"Ni huyu."

Leso ikafunuliwa, Celina akatoa meno yote nje. Wanawake wakaangua kicheko. Mimi sikuweza.

Sasa Njuki hakuwa akitabasamu. Akapita wa kwanza, akapita wa tatu. Akaushika mkono wa nne, akaubana kama mtu anayeuliza swali. Mkono ukaruka, ukajivuta nyuma. Vile vidonda! Lakini yeye angejuaje? Nilimwona uso ukimshuka. Alidhani msichana huyo hataki kushikwa naye. Akasogea kwa wa tano, akainama, akafungua mdomo.

Nikafungua wangu kwanza.

"Rudi kwa wa nne! Huo mkono nimeuchoma mimi!"

"Wanjira, nani amekuuliza?" Cucu akasema.

"Hakuna, Cucu. Lakini nimemchoma mtoto wako na dawa ya nguo. Alitaka vidole visafi, mimi nikamharibia."

Wanawake wote wakanigeukia, karibu wote wateja wangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Cucu akauinua ule mkono, akautazama kucha moja baada ya nyingine, akaguna. Kisha akamwambia Njuki, "Haya, endelea."

Njuki alirudi. Hakuvigusa vidole; aliushika mkono juu ya kiwiko. "Ni huyu," akasema, na vigelegele vikapigwa. Leso ilipofunuliwa, Karimi alikuwa na macho mekundu.

"Nilidhani umenikataa," Njuki alimwambia.

"Ilikuwa inauma tu," Karimi akajibu, akirudisha mkono ndani ya leso.

Wakati wa kupakua chakula cha mukimo Njuki alinifuata jikoni. Nilijiandaa kutukanwa.

"Auntie, ile rangi yake itarudi?"

"Akirudi shambani, itarudi."

"Baada ya muda gani?"

"Ngozi ipone kwanza. Halafu wiki mbili hivi."

Akatikisa kichwa polepole, akahesabu siku kwa vidole vyake, akaacha. Akaenda kuketi kando ya Karimi. Ilikuwa Jumamosi, na ndege yake ilikuwa Jumanne.