Maneno ya Chini ya Lebo

Chupa mpya zilikuwa fupi kuliko za zamani kwa vidole viwili, lakini mwenye kiwanda alikuwa na shehena nzima ya lebo za zamani na hakuwa tayari kuzitupa. Kwa hiyo mwanamke wa kubandika lebo akapewa mkasi. Kila asubuhi aliketi kwenye meza iliyonata mafuta, akakata ukanda wa chini wa kila lebo, akabandika kilichobaki: ua la buluu, maneno "Mafuta ya Mbegu za Kitani", na chini yake ahadi tatu, moyo, ngozi na choo. Vipande vilidondokea kwenye boksi miguuni pake. Wenzake nao wakambandika jina, Mkasi, akaliitikia.

Kila mfanyakazi alipewa chupa moja kwa mwezi. Ya kwake Mkasi alimpelekea mama mkubwa, dada wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Mama mkubwa alikuwa na kifaa kilichopandikizwa moyoni, na kwa miaka tisa alimeza kidonge kila jioni ili damu isigande. Wala hakulalamikia moyo. Alilalamikia choo.

"Leo siku ya tano, mwanangu. Tumbo limekuwa gunia la mawe."

Akaanza kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, juu ya chakula kilichokwisha kupoa, maana mafuta hayo hayapikwi. Siku ya tatu choo kikapatikana. Baada ya wiki mbili hata visigino vililainika. Mama mkubwa akamwombea dua mwenye kiwanda, asiyemjua kwa sura, akaongeza vijiko.

Wiki ya nne damu ilivilia chini ya ngozi ya mkono wake wa kushoto. Mkasi alidhani amejigonga. Kesho yake doa likawa herufi, na keshokutwa herufi zikawa neno, la zambarau, lililonyooka kama la mtambo: *Asitumie*.

"Asitumie nani?" aliuliza mama mkubwa, ambaye hakupenda habari nusunusu.

"Bado hawajasema."

Jumanne pajani palitokea *mtu anayemeza dawa*. Kufika Ijumaa, mgongo mzima uliandikwa *za kuzuia damu kuganda*, ikabidi asomewe. Walikwenda zahanati. Muuguzi alivaa miwani, akasoma kuanzia mkononi hadi mgongoni, akauliza anatumia nini.

"Onyo ni sahihi," alisema. "Kidonge chako kinaifanya damu ichelewe kuganda, na mafuta haya yanaweza kuzidisha hali hiyo. Yaache leo leo. Jumatatu mje tupime."

"Sasa mbona hawakuandika kwenye chupa?"

Mkasi alitazama viatu vyake. Lebo mia nne kwa siku, na hajasoma hata ukanda mmoja.

Jumapili mama mkubwa aliteleza bafuni, akagonga kichwa. Hapakuwa na jeraha. Alisema kinamuuma kidogo tu, akajilaza saa nane mchana, na hakuamka. Wanawake waliomwosha walikuta maneno mapya tumboni, bado mekundu: *kabla ya kumwona daktari*. Na nukta. Mmoja wao alisema sentensi imetimia, wakaendelea kummwagia maji.

Baada ya mazishi Mkasi aliokota ukanda mmoja kutoka kwenye boksi, akausoma hadi mwisho, akaupeleka ofisini. Alieleza yote bila kulia, kwa kuwa alishalia nyumbani. Mwenye kiwanda hakushangaa. Wiki ile ile watu watatu walikwisha kumletea picha: shingo ya kaka, mguu wa shangazi, kifua cha mume.

"Pole sana, dada," alisema, na pole yake ilitoka moyoni. "Mimi nilikuwa naogopa onyo haliwafikii watu. Kumbe linawafikia, tena wanaohusika peke yao. Sasa kuna haja gani ya kulibandika mara mbili?"

"Linafika limechelewa, bosi."

"Hata barua huchelewa."

Mkasi alitoka, akapita meza yake bila kuketi, akaenda kwenye dirisha la rejareja. Mwanamke mwenye kikapu alikuwa akinunua chupa mbili za mumewe, ambaye daktari alimpa vidonge vya kuzuia damu kuganda baada ya kupooza upande. Mkasi alimshika mkono, akamsimulia yote, bafu na tumbo na nukta. Akamwambia kwamba ni yeye anayekata maneno hayo, kwa mikono hii hii.

Mwanamke alimsikiliza hadi mwisho. Akampa pole, kisha akazipanga chupa kikapuni zisigongane.

"Mume wangu hajui kusoma," alisema. "Lakini mimi najua. Ngozi yake ikianza kuandikwa, nitamsomea."