Kisima Chini ya Jiko

Mganga hajigangi, na Timazi ndiye ushahidi. Jina hilo, la uzi wenye kitako cha kupimia wima wa ukuta, alipewa na waashi wenzake, maana kuta zake zilinyooka kuliko za mtu yeyote. Lakini nyumba yake mwenyewe ilikuwa imelalia upande wa jikoni, chungwa likiwekwa mezani linakwenda ukutani bila kutumwa. Ufa wa jikoni ulikuwa unameza mkono mpaka kifundo.

Kwa miaka mitatu alikula kiapo kwamba ni maji ya shemeji yake, dada wa mkewe, aliyekaa ua wa pili. Mfereji wake ndio unaokula msingi, alisema. Mkewe akamwamini, akagombana na dada yake wa tumbo moja, wakanuniana mpaka dada akafa. Mazishini mkewe alikaa nyuma kabisa, pamoja na watu wasiomjua marehemu. Na Timazi, Mungu amsamehe, alinyamaza. Alijua kwamba chini ya jiko lile kuna kisima cha zamani. Alikifukia mwenyewe kwa takataka na kifusi, akajenga juu yake ili asipoteze chumba kimoja. Muashi mzima!

Sasa mafundi walikuwa wamekuja na nguzo za chuma zenye mabawa yaliyojipinda kama skrubu. Mashine huzizungusha ardhini mpaka zishike udongo mgumu, kisha msingi hukalishwa juu yake na kuinuliwa kwa jeki. Nguzo sita zilikuwa zimeshika. Ya saba, ya kona ya jikoni, ilikuwa inazama tu, na mchimbaji alikuwa amesimama shimoni kando yake akiielekeza.

"Ongeza bomba," alisema injinia, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

Wakafunga bomba jingine juu ya nguzo kwa bolti ili kuirefusha, mashine ikanguruma, bomba likamezwa. Mshale wa geji ya kupimia ugumu wa udongo haukutikisika. Timazi alisimama roho mkononi. Shika, aliomba kimoyomoyo, shika tu, nisilazimike kusema.

"Yamebaki mawili," injinia alisema. "Yakiisha haya bila kushika, nafunga kazi, na nyie mhame leo hii. Mzee, hapa palikuwa na nini kabla hujajenga?"

"Udongo tu, mama."

"Ni maji ya marehemu dada yangu," mkewe akadakia. "Mungu amlaze pema, lakini alituumiza."

Timazi alitazama chini. Bomba la kwanza likaenda. La pili lilipofika nusu, ukuta ukalia, na mchanga ukaanza kumiminika ndani ya shimo alimosimama mchimbaji, kijana wa watu, udongo ukimfika mabegani.

"Mtoeni!" Timazi alipiga kelele. "Zimeni mashine! Kuna kisima hapo! Nilikifukia mimi!"

Wakamvuta mchimbaji kwa makwapa. Pale alipokuwa amesimama pakadidimia kwa kishindo, vumbi likawafunika wote. Likatulia.

"Upana wake?" injinia akauliza.

"Hatua mbili."

"Mzee wangu, ungesema asubuhi." Alijifuta vumbi usoni kwa hasira. "Tunapiga nguzo mbili nje ya kisima, huku na huku, tunalaza boriti ya chuma juu yake. Nyumba itasimama. Lakini ungetuulia mtu."

Timazi aligeuka kumtafuta mkewe. Hakuwepo.

Nguzo zote mbili zilishika alasiri. Jeki zikapandishwa taratibu, na ule ufa ukajifunga polepole mpaka ukabaki mstari. Mafundi wakapiga makofi. Walimwita mwenye nyumba aje aone, lakini yeye alikuwa ameshafika kwa marehemu shemeji yake, amesimama nje ya lango kama mwizi aliyekamatwa, hana uso wa kuingia.

Mkewe alikuwa amechuchumaa kando ya mfereji, anaufuata kwa kiganja. Ulikuwa umesakafiwa vizuri, mkavu, umeinamia upande wa barabarani. Hapakuwa na namna maji yake yangefika kwao.

"Mke wangu," Timazi aliita. "Nisamehe."

Hakumtazama. Mkono wake ulibaki palepale juu ya saruji.

"Dada aliniambia, njoo uangalie mwenyewe," alisema. "Aliniita mara ngapi. Ni hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwangu, na sikuja."