Marehemu wa Dirishani

Soksi zangu ndizo zilizompa mume wangu jina. Watu wanamwita Fundi Ukungu, wanasifia picha zake za maharusi wanaoonekana kama wako peponi, na hakuna anayeuliza huo ukungu unatoka wapi. Unatoka miguuni mwangu! Anakata kipande cha soksi yangu ndefu ya nailoni, anakivuta mbele ya lenzi, anakifunga kwa mpira mwembamba, basi. Chunusi hakuna, makunyanzi hakuna, na pua ya mtu unaikisia tu.

Fundi aliyemfundisha kazi alimwambia picha haiwi sanaa mpaka ifanane na mchoro. Mzee wangu akalimeza neno hilo zima zima. Soksi ikibakiza kasoro, yeye anaimalizia kwa penseli juu ya negativu, ile filamu inayosafishiwa picha.

Binti yetu akaukataa mtindo huo. Aliposhika kamera alianza kupiga picha sufuria zangu, mnyororo wa baiskeli, ukuta uliobanduka rangi, tena bila soksi, kila mkwaruzo unauona.

"Baba, kamera ina jicho lake zuri tu. Kwa nini tulifunge kitambaa?"

"Na nani atanunua picha ya sufuria?" baba mtu akamjibu. "Kwani kwao hawana sufuria?"

Nilicheka, maana ilichekesha. Kicheko kilinikauka siku alipoingia studioni kwetu mteja mmoja, mama mtu mzima. Dirishani, ikitazama barabara, ilikuwepo picha yangu ya mwaka tuliooana: shingo ndefu, macho ya usingizi, ukungu mtupu. Mimi nimekaa chini yake, nakata picha za pasipoti. Yule mama, aliyeitazama kwanza kutoka nje, akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia mume wangu, "Pole sana, baba. Marehemu mkeo alikuwa mzuri."

Naye akajibu, "Asante."

Asante! Na mimi niko hapo hapo, mkasi mkononi, napumua! Mteja alipotoka tu nikamgeukia.

"Nimekufa lini?"

"Sikutaka kumwaibisha mteja."

"Ukaona bora uniaibishe mimi."

Damu ilinichemka, na iliniuma pia, nisiseme uongo. Nikamwambia picha ile ishuke. Pale dirishani ukae uso wangu huu wa leo, apige binti yetu, bila soksi, bila penseli. Akasema siku picha ya namna hiyo ikitundikwa pale, binti akatafute studio nyingine. Hapo nikajua tunagombania nini: mimi uso wangu, mwanangu kazi yake.

"Sawa," nikamwambia. "Ila soksi yangu umeshapata ya mwisho. Ukitaka nyingine, nunua, uvae mwenyewe."

Asubuhi yake binti akazima taa zote za studio, akaufungua mlango wa mbele wazi kabisa, akanikalisha kwenye kiti changu kile kile, nimeuelekea mlango, mkasi mapajani. Poda sikupaka. Mzee alipoona hivyo akaenda kusimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

"Mwanga wa mlango huu hamtaupata."

"Baba, tafadhali sogea."

"Sisogei ng'o!"

"Basi baki hapo hapo," binti akasema, wala hakupandisha sauti. Kwa kuwa mwanga ulipungua, akaiweka lenzi ikae wazi muda mrefu zaidi. "Mama, usipumue. Usipepese macho."

Nikamkazia macho mume wangu. Kutulia hakukunipa shida, hasira ilinishikilia shingo vizuri tu.

Picha ilipokauka tukaitandaza mezani, nzima, haijapunguzwa hata ukingo. Jamani! Kidoti cha shavuni, mistari kati ya nyusi, mvi moja moja, ufa wa mpini wa mkasi. Nilijipenda. Sioni haya kusema, nilijipenda mno.

Mzee akachukua kioo chake cha kukuzia, kile anachotafutia makosa ya wenzake. Akaanzia kidevuni, akapanda polepole, anatafuta mahali palipofifia apate la kumsema mwanawe. Akafika jichoni, akakwama. Nikamnyang'anya kioo nione kilichomkwamisha.

Ndani ya mboni ya jicho langu kulikuwa na mlango mweupe wa mwanga, na katikati yake mwanamume mdogo mno, mikono kiunoni, ameziba njia.

"Umo," nikamwambia. "Ni wewe huyo. Kwenye ukungu wako hukuwahi kuonekana hata siku moja."

Akakichukua kioo tena, akajitazama weee. Binti alikuwa ameshapanga vitu vyake, begi la kamera liko begani, anangoja kufukuzwa.

"Weka begi chini," baba yake akasema bila kumtazama. "Lete fremu." Kisha akaguna. "Ingawa hapa kati ya nyusi, penseli kidogo tu..."

"Thubutu!" tukasema wote wawili.

Akapanda kiti mwenyewe, akaishusha ile ya zamani, akaitundika mpya. Wapita njia wawili walikuwa wameshasimama nje, wanaangalia picha, wananiangalia mimi, wanaangalia tena picha. Mzee akabaki juu ya kiti, ameikumbatia ile ya ukungu kifuani.

"Sasa wateja wakiniuliza yule wa mwanzo yuko wapi, nitawaambiaje?"

"Waambie amefariki," nikasema. "Pole si walishakupa?"