Gundi ya Pumba

Kaka yangu alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wakati kipande changu cha kwanza cha gundi kilipodondosha tone la moto juu ya pamba ya majaribio tuliyoitandaza chini yake. Pamba ikawaka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa fundi umeme mwenye domo, mtu wa kutania hata nyaya. Kisha sanduku la swichi likalipuka mbele yake, gundi ngumu iliyoshikilia vyuma ndani ikawaka kama mshumaa, ikamuunguza viganja. Vidonda vilipona. Yeye hakupona. Nikiwasha jiko, anatoka nje akijifanya kapigiwa simu. Vifaa vyake vya kazi alivigawa vyote.

Mimi ni mtu wa maabara. Ajali ile ndiyo iliyonitia ukaidi wa kuchanganya gundi ya aina hiyo na unga tuliotoa kwenye pumba za mpunga, ili moto ukiigusa ijifunike masizi magumu na kuuzima yenyewe. Wenzangu walinicheka kwamba nafuga kuku kwa siri. Nilimbembeleza kaka aje ajionee, na alichojionea ndicho hicho.

"Subiri kwanza, baba," kaka alizuiwa na Mama Gundi, bosi wetu, ambaye hakuwa na gauni lisilo na doa la gundi. Alinusa moshi. "Hii ni harufu ya mafuta. Kalibu ya kumiminia gundi tuliipaka nini?"

Mafuta ya kupikia, kwa amri yake mwenyewe, baada ya yale maalumu ya kuzuia gundi isinate kutuishia. Kipande kilitoka kwenye kalibu kimevaa mafuta mwili mzima.

"Basi nimejiponza," alisema, akanipa msasa na kipande cha pili nikiondoe mafuta.

Nilianza kusugua. Kaka alinitazama, akashindwa kuvumilia.

"Mdogo wangu, unasugua au unampaka mtoto losheni? Lete hapa."

Akakisugua kona kwa kona, kwa vidole visivyokunjika vizuri. Sidhani kama alijua kwamba yuko kazini.

Nilipokiwasha, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Moto ulipanda kidogo, ukaumua masizi meusi, ukafa. Pamba ilibaki nyeupe.

Kipimo chetu kinataka kipande kiwashwe mara mbili. Nilimwonea huruma, nikazima kichomeo, nikamwambia yatosha kwa leo.

Kaka alisogea taratibu mpaka mezani, akaniomba kiberiti.