Dafu la Asubuhi na Jioni

Kila asubuhi huanza hivi: nafunga mpira juu ya kiwiko cha mtu, nampaka spiriti, namwambia asikunjekunje ngumi, maana ngumi huharibu kipimo. Kisha natafuta mshipa. Siku hiyo ndiyo kwanza nimeupata wa muuza vitenge mmoja wa Mtaa wa Sikukuu, simu ikaita.

Alikuwa Haruna wa maabara.

"Khairu, yule bibi wa jana, Sitara. Potasiamu sita nukta tisa. Tumerudia, ni ileile. Mfuate sasa hivi aende hospitali."

Utafiti wetu unapima sodiamu na potasiamu katika damu za watu wa kawaida, mtaa kwa mtaa. Mwenye duka la jumla na mbeba mizigo wake hawapishani sana: tatu na nusu, nne, ikizidi sana tano. Mwenye karibu saba anaweza kuanguka akiwa anachambua mchele.

Nilimwachia mwenzangu wa utafiti yule muuza vitenge, nikaenda kwa miguu yangu iliyochoka tangu juzi. Bi Sitara alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka ukumbini. Binti yake Najma alikuwa amemshikia dafu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kunguni wangu huyo! Jana hukushiba?"

Najma alicheka kwa macho mekundu ya usingizi. Anauza viatu vya mitumba Mchikichini. "Karibu, mdogo wangu. Mama, maliza basi, wenzangu wameshafungua robota la viatu."

"Anakunywa kila siku?" nikauliza.

"Asubuhi na jioni, tangu daktari alipomkataza chumvi. Si linapooza presha? Namchagulia mwenyewe, yale machanga, kabla hawajayamaliza watu."

Nikashindwa kumtazama. Figo zikichoka, potasiamu hubaki mwilini, na dafu limejaa potasiamu. Ningemwambiaje mtu huyu?

"Majibu ya jana yako juu kidogo," nikasema. "Ingefaa bibi aonwe na daktari."

"Kama ni kidogo, basi kesho," alisema Bi Sitara. "Leo miguu haina nguvu kabisa. Hata chooni nimeshikiliwa."

Miguu kuishiwa nguvu ni dalili ya potasiamu iliyozidi.

"Si kidogo," nikasema. "Nisameheni. Dada, dafu liache. Potasiamu imemjaa, figo hazimudu kuitoa. Moyo wake unaweza kusimama leo hii."

Najma aliliweka dafu sakafuni taratibu.

"Mimi ndiye ninayempa."

"Hukujua, dada. Wengi hawajui."

"Mwache mwanangu," alisema Bi Sitara. "Na hospitali siendi. Nikakae tena kwenye benchi lile toka asubuhi mpaka adhuhuri? Kila moyo una siku yake. Najma, nenda kwenye viatu vyako, usijichoshe kwa ajili yangu."

"Sijachoka, mama."

"Hujachoka, hujachoka. Kila siku wimbo huo huo."

Najma aliliondoa baibui la mama yake kwenye msumari. Akalishika, hakulipeleka popote. Kisha akaketi pale pale kwenye mkeka, akaegemeza paji la uso kwenye bega la mama yake.

"Nimechoka, mama," alisema. "Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Na sitaki ufe. Inuka, twende."